Utangulizi: Jina la Uria Mhiti

Kurasa zinazofuata zinakuingiza katika taaluma ya majina ya watu katika Maandiko ya Kiebrania, na mwenyeji wako mlangoni ni askari ambaye karibu kila tunalolijua juu yake limo katika sura moja, ya 11 ya Samweli wa Pili. Ningeweza kuanza na Daudi au Yoabu, ambao habari zao hazina idadi. Nimemchagua Uria Mhiti kwa sababu hakuna mtu mwingine katika Maandiko hayo ambaye jina lake limefanya kazi kubwa kiasi hicho baada ya mwenyewe kufa.

Nawaandikia kwanza wasomaji wa Bukoba na Muleba, na kwao nusu ya somo inajulikana tayari. Kwa Wahaya jina ni sentensi kamili. Mutalemwa ni asiyeshindwa. Tibaijuka ni "hawakumbuki", jina lenye lawama ndani yake. Byarugaba ni "vya Rugaba", na Rugaba, Mgawaji, ni jina ambalo mababu walimwitia Mungu. Mtu aliyekua akiitwa hivyo, au akiwaita jirani zake hivyo, hahitaji kushawishiwa kwamba mzazi anapompa mtoto jina anasema jambo.

Uria ni jina la namna hiyohiyo. Mwanzo wake katika Kiebrania unahusu mwali wa moto au nuru. Mwisho wake, Yah, ni kifupi cha jina la Mungu wa Israeli. Kwa hiyo: Yahwe ni nuru yangu. Muundo huo umo katika Isaya, Yeremia na Zekaria, na umo pia katika Yosia, jina la ubatizo la Josiah Kibira, askofu wa Kilutheri wa Bukoba aliyechaguliwa mwaka 1977 kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza kushika nafasi hiyo.

Lakini Uria ni Mhiti. Dola ya Wahiti, ambayo mji wake mkuu Hattusa uko katika Uturuki ya leo, ilianguka mnamo mwaka 1200 K.K., takriban karne mbili kabla ya Daudi, na watu wa jina hilo wakabaki huku na huku kaskazini mwa Shamu. Biblia inawahesabu pia miongoni mwa wenyeji wa Kanaani. Ndiyo maana wako wasomi wanaodai kwamba jina hili lilikuwa la Kihuri, kutokana na neno ewri, yaani "bwana", na kwamba Waisraeli walilisikia kwa masikio ya lugha yao. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, naamini msimulizi wa Samweli alilisikia kwa Kiebrania na akataka nasi tulisikie hivyo: mgeni amebeba jina la Mungu, na mfalme aliyetiwa mafuta na Mungu huyo anapanga kumuua.

Tazama anavyosimulia. Jeshi limeuzingira Raba, mji wa Waamoni, palipo Amman ya leo. Daudi amebaki Yerusalemu, amelala na Bathsheba, mke wa Uria, na mimba imeingia. Anamwita askari wake kutoka vitani, anamuuliza habari za mapigano, kisha anamhimiza aende nyumbani. Uria analala mlangoni pa jumba la mfalme pamoja na watumishi. Anapoulizwa sababu, analitaja Sanduku la Agano lililo chini ya vibanda, anawataja wenzake, anamtaja jemadari wake Yoabu aliyepiga kambi uwandani. Yeye atakulaje, atakunywaje, atalalaje na mkewe? Mfalme anamlevya, na bado haendi. Ndipo anapoandikiwa barua ya kifo chake, akaipeleka mwenyewe kwa Yoabu.

Msikilizaji wa Kihaya ataona jambo ambalo vitabu vingi vya ufafanuzi vimelipita. Askari ametoka vitani, amesimama mbele ya mfalme, ameulizwa habari. Mbele ya Omukama, mfalme wa Wahaya, hapo ndipo mahali pa ebyebugo, majigambo ambamo shujaa hujiita kwa majina ya sifa na kuhesabu matendo yake. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliuingiza utanzu huo katika istilahi za Kiswahili kwa jina la kivugo. Uria alikuwa na haki ya kujigamba: yumo katika orodha ya mashujaa 37 wa Daudi, na ndiye wa mwisho kutajwa. Hajigambi hata kwa neno moja. Fahari yote imebaki ndani ya jina lake.

Na jina hilo halikukubali kuzikwa. Bathsheba ameshaolewa na mfalme na mtoto amezaliwa, lakini simulizi bado inamwita mke wa Uria. Kitabu cha Wafalme kinamsifu Daudi kisha kinaweka sharti moja: isipokuwa katika jambo la Uria Mhiti. Mwandishi wa Mambo ya Nyakati aliiacha kabisa habari ya Bathsheba na mauaji yale, lakini katika orodha ya mashujaa Uria yumo. Mathayo, karne nyingi baadaye, anapanga ukoo wa Yesu bila kumtaja Bathsheba kwa jina. Anasema tu kwamba alikuwa mke wa Uria. Kwangu mimi, hayo ni mashtaka yanayosomwa upya kila kizazi.

Watu wa Muleba wanaishi karibu na majina ya aina hiyo, yanayobaki baada ya askari kufa. Katika makaburi ya Kaboya, wilayani mwao, wamezikwa zaidi ya wanajeshi 600 wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979, wengi wao mbali na kwao.

Ukitaka kuanza kazi, usianze na kamusi. Soma kwanza orodha za majina ambazo wengi huziruka, Samweli wa Pili sura ya 23 na Mambo ya Nyakati ya Kwanza sura ya 11, uone nani yumo na nani katajwa kwa kabila lake. Kisha linganisha nakala: hati moja ya Samweli iliyopatikana Kumrani, kando ya Bahari ya Chumvi, inaongeza kwamba Uria alikuwa mbeba silaha wa Yoabu, na nyongeza hiyo inaifanya barua ile kuwa nzito zaidi, kwa kuwa Yoabu aliamriwa kumtoa mtu wake wa karibu.

Kisha rudi nyumbani kwako. Habibu Selemani, bingwa wa enanga, ala ya nyuzi ya Wahaya inayoghaniwa tendi, alifariki mwaka 1993, na wanaoweza kukariri ebyebugo kwa ukamilifu wanazidi kupungua. Kama katika ukoo wenu yuko mzee anayejua majina ya sifa na sababu zake, nenda umsikilize, umrekodi kwa Kihaya chake, uandike kila jina pamoja na habari yake. Usingoje likizo ijayo.