Nani Alipiga Picha ya Obama?

Ile sura ya Barack Obama yenye rangi nyekundu, buluu na krimu, macho yakitazama juu, neno HOPE likikaa chini yake, wengi wetu tumeiona. Aliyeitengeneza ni Shepard Fairey, Mmarekani aliyezaliwa Charleston mwaka 1970 na kuanza kujulikana mwaka 1989 kwa stika za mwanamieleka Andre the Giant zilizobandikwa mitaani. Kwa anayetaka kuandika habari za msanii wa pop aliye hai, sioni kisa cha kujifunzia kinachokizidi hiki, maana humo mashahidi walikosea mmoja baada ya mwingine, na mmoja wao alidanganya kwa makusudi.

Swali lenyewe lilikuwa dogo: Fairey alichora kutoka picha ipi? Bango lenye sura hiyo lilitoka Januari 2008, na kwa muda wote wa kampeni ya urais mwenye picha ya asili hakujulikana. Januari 2009 mwenye nyumba ya sanaa mmoja wa New York akatangaza kuwa ni ya mpiga picha wa shirika la habari la Reuters, na habari ikasambaa. Haikupita muda, Tom Gralish, mpiga picha wa Philadelphia Inquirer, akalifuatilia jambo hilo upya na jibu likageuka. Picha ilikuwa ya Mannie Garcia, aliyeipiga kwa ajili ya shirika la Associated Press tarehe 27 Aprili 2006 kwenye National Press Club mjini Washington, katika kikao kilichohusu Darfur. Garcia mwenyewe alikuwa ameliona bango bila kuitambua kazi yake.

Kwa muda ule mfupi ungeweza kukusanya taarifa nyingi zilizotaja Reuters na kujiona una ushahidi wa kutosha. Zote zilitoka mdomo mmoja. Njia iliyo bora ni kuilaza picha juu ya bango na kulinganisha pembe ya kichwa, mkunjo wa kola, na hasa mahali kivuli kinapokata shavu. Mtu anaweza kukaa mkao uleule mara mbili. Kivuli ni nadra kumwangukia sawasawa.

Associated Press walipodai haki yao, Fairey aliwahi mahakamani Februari 2009 akiomba itamkwe kwamba alichofanya kilikuwa matumizi halali. Alieleza kuwa alitumia picha ambayo Obama ameketi kando ya mwigizaji George Clooney, akamkata Clooney. Kumbe alitumia nyingine ya kikao hichohicho, Obama akiwa peke yake, amevutwa karibu. Tofauti hiyo ni kubwa kisheria kuliko inavyoonekana kwa macho: anayekata na kubadilisha mengi ana hoja yenye nguvu kuliko anayeifuata picha karibu yote kama ilivyo. Oktoba 2009 alikiri kwamba alijua kosa lake, akafuta mafaili na kuwasilisha ya uongo. Septemba 2012 alihukumiwa kwa kuidharau mahakama: miaka 2 chini ya uangalizi, saa 300 za kazi za jamii na faini ya dola 25,000.

Angalia vizuri hapo. Hukumu ile ilihusu uongo, si bango. Ugomvi wa hakimiliki ulimalizwa kwa makubaliano Januari 2011, na hakuna jaji aliyetamka kama bango lilikuwa halali au la. Anayeandika kwamba Fairey alishindwa kesi ya hakimiliki hajasoma jalada. Na jalada lenyewe lisomwe kwa tahadhari: hati ya madai nayo ina mhuri wa mahakama, ilhali ni maneno ya upande mmoja tu. Uongo wa Fairey ulipitia humohumo.

Je, msanii asisikilizwe? Asikilizwe sana, kwa yale ayajuayo yeye: kwa nini alichagua rangi zile, anakataje stensili, kwa nini toleo la kwanza lilibeba neno PROGRESS kabla ya HOPE. Lakini pale penye fedha au kesi, mtafute shahidi wa pili ambaye hakulishwa maneno na msanii. Nyumba ya sanaa inayomuuzia kazi zake haihesabiki hapo. Maelezo yake ni tangazo, hata yakivaa lugha ya kitaaluma. Mnada nao, amini bei iliyorekodiwa, sifa uziache mlangoni.

Makumbusho ni afadhali, kwa mambo yake. National Portrait Gallery ya Washington ilipokea Januari 2009 kolaji kubwa ya Fairey yenye sura ileile, na waandishi wengi huichanganya na bango lililochapishwa. Rekodi ya makumbusho itakupa vifaa, mwaka na aliyeitoa kazi hiyo. Nani alimdanganya nani, hilo katafute kwingine.

Kama ile ya Fairey, kesi ya kazi za msanii wa pop Andy Warhol nayo imeshaanza kupotoshwa. Mwaka 1984 jarida la Vanity Fair lililipa dola 400 ili picha ya mwanamuziki Prince iliyopigwa na Lynn Goldsmith itumiwe mara moja kama kielelezo cha kuchorea. Warhol akatengeneza kazi 16, na Goldsmith hakujua hadi mwaka 2016, Prince alipofariki na moja ya kazi hizo kutokea kwenye jalada la jarida maalumu. Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani ilimpa Goldsmith ushindi kwa kura 7 dhidi ya 2. Vichwa vya habari vilikufanya udhani kazi zote 16 zimeharamishwa. Hukumu yenyewe ilijibu swali moja tu: kuikodisha kazi moja kwa jarida mwaka 2016.