Dawa ya Meno Haiponyi CD

Swali hili limenichosha, kwa hiyo nalijibu mara moja kwa wote. Linatoka hapa Kigoma: Mwanga, Gungu, Kibirizi, na zaidi Ujiji, ambako makabati ya sebuleni bado yana marundo ya CD za harusi, kasida na filamu za mwigizaji Kanumba: "Fundi, nikishaipaka dawa ya meno, niisugue dakika ngapi ndipo niikopi kwenye flashi?" Usiisugue kabisa. CD ikishaanza kukwama, ikopi kwanza kama ilivyo.

Imani hii ina chanzo chake. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia, za chokaa au silika. Upande wa chini wa CD ni plastiki ya polikaboneti; mwanga wa leza hupita humo, ukafika kwenye tabaka linalong'aa na kurudi na taarifa. Mkwaruzo huupotosha mwanga huo njiani. Ukiulainisha mkwaruzo mwembamba, mwanga unaweza kupita tena. Yupo aliyefanikiwa hivyo, akamwambia jirani, na tangu hapo dawa ikawa ya mtaa mzima.

Jirani hakuambiwa kwamba chembe zile zilitengenezwa kwa ajili ya jino, na jino ni gumu kuliko polikaboneti kwa mbali. Kinachong'arisha jino huchimba plastiki. CD iliyokuwa na mkwaruzo mmoja hutoka kwenye kusuguliwa ikiwa na ukungu wa mikwaruzo midogo midogo, na deki iliyokuwa ikikwama mahali pamoja sasa haisomi chochote.

Mkono nao unazunguka, na hapo ndipo uharibifu mkubwa unapotokea. Filamu imeandikwa kwa njia moja ndefu inayojizungusha kutoka katikati ya CD kwenda ukingoni. Mfumo wa kusahihisha makosa unaweza kuziba pengo la kama milimita 2.5 kwenye njia hiyo. Mkwaruzo unaotoka katikati kwenda nje hukata kila mzunguko mahali padogo, na pengo huzibwa bila mtazamaji kujua. Mkwaruzo unaofuata duara hulala juu ya njia yenyewe na kufuta taarifa mfululizo, na huo hauzibiki. Ndiyo maana hata vumbi hufutwa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. VCD, yaani CD za video, ziko hatarini zaidi. Mfumo wa VCD uliotoka mwaka 1993 hubana zaidi ya saa nzima ya picha kwenye CD ya kawaida, na nafasi hiyo ilipatikana kwa kuacha tabaka moja la usahihishaji lililomo kwenye CD za data za kompyuta. Filamu ya Kanumba, ambaye tangu Aprili 2012 hayupo wa kutuchezea nyingine, imo kwenye chombo kisichovumilia kusuguliwa.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba CD nyingi zinazosuguliwa hazina ugonjwa wa mkwaruzo. Kwenye CD na VCD, taarifa ziko karibu na upande wa juu, chini kidogo ya rangi na maandishi, zikilindwa na vanishi nyembamba sana. Watu hulinda upande wa chini kama mboni ya jicho, kisha wanaandika juu kwa kalamu ya ncha ngumu, au wanabandika stika na kuibandua. Inyanyue CD mbele ya taa. Ukiona vitundu vinavyopitisha mwanga, tabaka limeng'oka, na hakuna cha kupaka kitakachorudisha kilichomo. DVD ina nafuu kwa hilo, kwa sababu taarifa zake zimo katikati ya sahani mbili za plastiki zilizogandishwa.

CD za harusi ndizo zinazonitia uchungu. Filamu za dukani zilipigwa chapa kiwandani na chini yake ni rangi ya fedha. Ya harusi ilichomwa kwenye kompyuta ya mpiga video, na chini yake utaona zambarau, kijani au buluu. Hiyo ni rangi ya kemikali, na taarifa zote za siku ile zimeandikwa ndani ya rangi hiyo. Jua la dirishani na joto la chini ya bati huidhoofisha mwaka hadi mwaka, hata kama CD haijaguswa. Mama wa Ujiji anayeniletea CD isiyo na mkwaruzo hata mmoja, ikinukia dawa ya meno, ameipa tiba ya ugonjwa usiokuwapo. Na mara nyingine CD ni nzima, deki ndiyo imechoka lenzi. Ijaribu kwenye mashine nyingine kabla ya kuihukumu.

Sasa ya kufanya, kwa haraka. Laptopu isiyo na tundu la CD inahitaji kisomaji cha nje cha USB. VCD: fungua folda ya MPEGAV, kopi faili la DAT, lifungue kwa VLC. DVD: usiburute faili za VOB ovyo, MakeMKV itaitoa filamu bila kupunguza ubora, na HandBrake itaibana ikiwa nafasi ni ndogo. DVD au CD ya data inayokwama: tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu nzima kisha hurudia zilizogoma. Ikishindikana, badilisha kisomaji na uendelee ulipoishia, kwa sababu kisomaji kimoja husoma ambacho kingine kimekataa. Anza na harusi, kisha kasida za madrasa na CD ndogondogo za hapa mkoani. Filamu za kiwandani zina nakala kwa watu wengine. Kuhusu sheria: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaruhusu kunakili kazi iliyotolewa kihalali kwa matumizi yako binafsi. Haikuruhusu kuipeleka nakala hiyo kwenye kibanda cha video wala kuwauzia watu kwenye flashi zao, na mimi pia sitakufanyia.

Nakala ziwe mbili, moja kwenye diski ngumu ya nje na nyingine mahali pengine nje ya nyumba yako. Flashi ni ya kusafirishia, usiifanye ghala. Na ile inayodai TB 2 kwa bei ya kutupa, ijaze kwanza kwa programu ya H2testw na uisome yote, kwa maana za uongo hupokea faili bila kulalamika na siku ya kufungua harusi unakuta jina la faili tu.