"Nesi wetu wa Australia kasema"

Julai 2021 Sydney ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona. Natoka zamu ya usiku, nimechoka hoi, nikafungua WhatsApp ndani ya basi. Kundi la wanafunzi wetu wa huku lilikuwa na ujumbe kuhusu vitunguu swaumu na presha. Nikasoma mistari ya juu, sikuona ubaya, nikaurusha kwenye kundi la familia. Kisha nikaenda kulala.

Wiki mbili baadaye dada akanipigia kutoka Tanga. Presha ya mama ilikuwa 190 kwa 110, kichwa kinamgonga, na vidonge alikuwa ameshaviacha.

"Si wewe mwanangu uliyetuma?" mama akaniuliza kwa upole. Heri angenigombeza.

Nikaurudia ujumbe, safari hii wote. Mwanzo ulikuwa na ukweli: vitunguu swaumu vyaweza kushusha presha kidogo kwa baadhi ya watu. Mstari wa mwisho ulisema baada ya siku saba mgonjwa aachane na vidonge. Msemaji ni "profesa wa hospitali kubwa Ujerumani". Yeye hana jina, hospitali haina jina, tarehe hakuna. Juu kulikuwa na mishale miwili, alama ambayo WhatsApp huweka kwenye ujumbe uliokwisha kurushwa mara tano au zaidi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo hauendi zaidi ya kundi moja kwa mpigo. Kwangu mimi hilo moja lilitosha.

Kazini sitoi hata panadoli bila kuangalia faili la mgonjwa. Lakini mama hakumwamini profesa yule, aliniamini mimi. Na mama mdogo alikuwa ameshaupeleka kwenye kikoba chake, akaongeza maneno yake: "Nesi wetu wa Australia kasema."

Kuufuta kusingesaidia. Nikarekodi sauti, nikakiri kosa, nikamwomba mama mdogo aipeleke kikoba kile kile. Mama akarudi kliniki, presha ikashuka polepole.

Siku hizi naanzia mstari wa mwisho, maana sumu mara nyingi hukaa huko. Halafu natafuta jina la msemaji. Madai yanayozunguka nyumbani nayaangalia Africa Check au PesaCheck. Hawa wa pili huandika na Kiswahili.

Mama naye, kila nikimtumia kitu, hunijibu swali moja: "Hii umeisoma yote?"