Simbilisi wa Mtoto, Uzi wa Mama na Sahani ya Nyumbani

Leo tuache kidogo habari za ada za shule na bei ya mazao, tuingie ndani ya nyumba. Twataka kusema habari ya mambo matatu yanayoonekana madogo: mnyama afugwaye na mtoto, uzi afumao mama, na chakula wakipendacho watoto. Mtu aweza kuuliza, "Je, haya nayo ni ya kuandikwa gazetini?" Naam, ni ya kuandikwa, maana mtoto hulelewa zaidi na mambo ya kila siku kuliko na maneno makubwa. Tena afya yake yategemea sana yale tunayoyadharau.

MNYAMA WA MILIMANI

Simbilisi wengi wenu mmemwona. Ni mnyama mdogo asiye na mkia, mwenye masikio mafupi na miguu mifupi, na urefu wake ni kama unyayo wa mtu mzima. Wako weupe, weusi, wa rangi ya kahawia, na wenye mabaka. Ni wa kundi la wanyama wagugunao, lakini si panya wa kuiba nafaka wala si sungura. Hachimbi mashimo, hapandi ukutani, na ni mara chache sana kuuma. Akisikia hatua za yule amleteaye majani, hupiga mluzi wa furaha.

Asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru, Bolivia na Ecuador. Watu wa huko walimfuga maelfu ya miaka kabla ya kuzaliwa Kristo. Wahispania walimpeleka Ulaya katika karne ya 16, na baadaye akaenea duniani kote. Katika Tanzania anajulikana sana Iringa na Njombe, na mara nyingi watoto ndio wamtunzao. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika Kivu ya Kongo, nyumba nyingi za vijijini zinaye. Huku kwetu Uluguru wafugaji wake si wengi kama huko, lakini ubaridi wa Mgeta na wa vijiji vya juu wamfaa kuliko joto la bondeni. Joto likizidi sana aweza kufa, hata kama ana majani tele.

NI WA MTOTO AU NI WA CHUNGU?

Hapa ndipo penye neno gumu. Simbilisi huliwa, na nyama yake ni nzuri. Katika kanisa kuu la mji wa Cusco, huko Peru, iko picha ya Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Marcos Zapata katika karne ya 18. Juu ya meza ya Bwana yuko mnyama aliyepikwa, na watu wa huko humtambua kuwa simbilisi, maana kwao ndicho chakula cha sikukuu. Basi mtu asiseme kwamba kumla ni dhambi.

Lakini hebu fikirini jambo hili. Mtoto wa miaka minane amepewa simbilisi mmoja. Amempa jina. Kila asubuhi kabla ya shule humkatia majani, na kila jioni humhesabia watoto wake. Siku moja mjomba anafika kutoka mbali. Ninyi mnajua jinsi Waluguru tunavyomheshimu mjomba, kwa kuwa ukoo wetu ni wa upande wa mama. Nyumbani hakuna kuku, wala fedha ya nyama hakuna. Baba anatazama tundu. Mtoto anarudi shuleni na kukuta chungu kinachemka na tundu lina nafasi moja.

Je, baba amekosa? Mgeni hana budi kula, wala si haki mtu alale njaa kwa ajili ya mnyama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, yafundisha mambo hayo yote pamoja katika namba 2416 mpaka 2418. Yatuambia kwamba twaruhusiwa kutumia wanyama kwa chakula na kwa mavazi, kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha heshima ya binadamu, na kwamba si vema kutumia kwa wanyama mali ambayo ingepaswa kwanza kuwaondolea watu shida. Kwa hiyo kosa haliko katika nyama. Kosa liko katika ahadi iliyovunjwa. Mtoto aliambiwa "huyu ni wako", kisha akachukuliwa bila hata neno moja. Siku ile hujifunza kwamba maneno ya wakubwa hayana uzito. Je, siku ya kumfundisha kusema kweli na kutoiba, atatusikiliza?

Njia ya kuepuka jambo hili ni rahisi. Semeni tangu siku ya kwanza. Chagueni jike mmoja au wawili wawe wa mtoto, na hao wasiguswe. Watakaozaliwa, mwambieni waziwazi kwamba wengine watauzwa na wengine wataliwa, na hao wasipewe majina. Ikitokea shida kweli hata mkamhitaji yule wa mtoto, mwiteni kwanza mtoto mwenyewe, mwelezeni shida, mwombeni. Mara nyingi mtoto aliyeheshimiwa hivyo hukubali, na kutoa kwake kutakuwa sadaka ya kweli.

NYUMBA YAKE NA MAJANI YAKE

Mjengeeni tundu la mbao au la mianzi lililoinuliwa kutoka chini, lenye paa lisilovuja, mahali pasipopigwa na upepo. Wengi huwaacha watambae jikoni karibu na mafiga. Huko moshi huwaumiza, paka huwakamata, na uchafu wao huingia katika vyombo. Tandikeni nyasi kavu na kuzibadilisha kabla hazijaloa sana. Takataka zile ni mbolea njema ya bustani. Jihadharini na siafu, nyoka na mbwa. Mtoto amshike kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya matako, akiwa ameketi, maana akianguka huvunjika kwa urahisi. Baada ya kumshika, anawe mikono kwa sabuni.

Mimba ya simbilisi ni ndefu kwa mnyama mdogo kama yeye, yaani siku 59 mpaka 72. Watoto huwa wawili, watatu au wanne, nao huzaliwa wakiwa na manyoya, meno na macho wazi. Majuma matatu yakipita watengeni madume, la sivyo watawapanda dada zao na mama yao.

Chakula chake ni nyasi kila siku, na juu yake majani mabichi: majani ya viazi vitamu, maganda mabichi ya mahindi, majani ya karoti, na kabichi kidogo. Apate na maji safi. Meno yake hukua siku zote, nazo nyasi ndizo huyapunguza. Asipewe majani ya parachichi, wala majani na machipukizi ya viazi mviringo, wala maharage mabichi, maana hivyo ni sumu kwake. Ugali na mabaki ya chakula kilichopikwa humharibu tumbo. Akiugua, msimpe dawa za watu. Penisilini, iwaponyayo wengi wetu, humwua yeye.

SOMO LA KUTOKA NORWEI

Sasa sikilizeni jambo ambalo mnyama huyu aliwafundisha wataalamu. Mwaka 1907, katika nchi ya Norwei, Axel Holst na Theodor Frølich waliwalisha simbilisi nafaka tupu. Baada ya muda wanyama wale walipata kiseyeye, ugonjwa wa kuvimba fizi na kutoka damu, ule uliokuwa ukiwaua mabaharia. Walipopewa kabichi mbichi au maji ya limau, ugonjwa haukuwapata. Miaka kadhaa baadaye kitu kile kilichomo ndani ya majani na matunda kilijulikana, kikaitwa vitamini C. Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1937, kwa sehemu kwa ajili ya kazi yake juu ya vitamini hiyo.

Mbuzi, mbwa na kuku hujitengenezea vitamini hiyo mwilini mwao. Simbilisi hawezi. Nyani hawezi. Na mtu naye hawezi. Kwa jambo hili mtoto wako na simbilisi wako ni sawasawa: asiyepata mboga za majani na matunda atadhoofika, hata akishiba.

Twasema haya kwa sababu ya aibu iliyoko milimani petu. Uluguru ni bustani. Mgeta na Nyandira hutoa kabichi, karoti, njegere, viazi, stroberi, peasi na plamu. Matombo na Kinole hutoa ndizi, matunda na viungo. Magari hushuka yamejaa kwenda soko la Morogoro na la Dar es Salaam. Lakini tazama sahani ya mtoto wa yule aliyelima: mara nyingi ni ugali na mchuzi mwembamba wa maharage, leo, kesho na kesho kutwa. Simbilisi ndani ya tundu amepata jani la kabichi asubuhi, na mtoto hakupata. Mboga zote zimehesabiwa kuwa fedha.

Hatusemi msiuze. Fedha za sare na daftari zatoka huko. Twasema kwamba sehemu ya nyumbani itengwe kabla gunia halijashonwa, wala isiwe ile iliyooza.

CHAKULA WAKIPENDACHO WATOTO

Watoto wa Uluguru hupenda ndizi za kupika, magimbi ya kuchemsha na chai, mahindi ya kuchoma, na njegere. Hayo ni mema, lakini yaongezewe majani na tunda. Pera moja lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na mti wake huota hata pasipopandwa. Mpeni mtoto tunda pamoja na chakula cha maharage, kwa sababu vitamini hiyo husaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga, yale yaongezayo damu.

Vitamini hii huharibika upesi kwa moto na kwa maji mengi. Kwa hiyo osheni mboga kwanza, ndipo mzikate. Tieni maji kidogo, funikeni chungu, na kuepua mapema. Msitie magadi, maana hulainisha mboga na kuiharibu faida yake. Kisamvu pekee hakifuati shauri la kuepua mapema. Hicho kitwangwe vizuri na kuiva sana, ili sumu yake itoke.

Hii hapa mboga moja ipendwayo. Chukueni kabichi ndogo moja, karoti 2, nyanya 3, kitunguu kimoja, na vijiko 3 vya karanga zilizosagwa. Pikeni kitunguu na nyanya mpaka zilainike, tieni karanga na maji kikombe kimoja, koroga mpaka mchuzi uwe mzito. Mwisho tieni karoti na kabichi, funikeni, hesabuni dakika 5 tu, epueni. Mtoto asiyependa kabichi iliyochakaa huila hii bila kulazimishwa.

UZI NA SINDANO

Katika Juni na Julai ukungu hushuka Mgeta tangu alasiri, na watoto wadogo hutetemeka. Sweta dukani ni ghali. Lakini sweta kuukuu la mitumba, hata lenye tundu kiwikoni, ni uzi uliofumwa tayari. Tafuteni lililofumwa kwa uzi mnene, fungueni mishono, vuteni uzi polepole. Zungusheni uzi ule kwenye mgongo wa kiti, ufungeni mahali pawili au patatu usitatizane, ufueni kwa sabuni, kisha utundikeni ukiwa na kitu kizito chini ili ukunjamano uondoke. Ukikauka, tengenezeni donge. Sweta moja la mtu mzima laweza kutoa kofia za watoto kadhaa pamoja na soksi.

Anayejifunza aanze na kipande cha mraba, vitanzi 20 upana, mpaka mkono uzoee. Kisha afume kofia ya mtoto mchanga. Mtoto mchanga hupoteza joto jingi kichwani, hasa aliyezaliwa kabla ya wakati, na kofia pamoja na kifua cha mama yake ni msaada mkubwa kabla ya kufika hospitali na baada ya kutoka. Wavulana nao wafundishwe, kwani sindano haichagui mkono. Kitabu cha Mithali, sura ya 31, kinamsifu mwanamke hodari kwa sababu watu wa nyumba yake wana nguo wakati wa baridi.

Angalizo moja: mama akifuma na watoto wakicheza na simbilisi karibu, donge la uzi liwekwe ndani ya kikapu. Simbilisi huguguna kila kitu, na uzi aliomeza waweza kumziba tumbo. Ukimzunguka mguuni nao huzuia damu mpaka mguu kufa. Kila jioni mtoto amtazame miguu, kisha akusanye vipande vya uzi vilivyoanguka.

Jamaa ikikaa hivyo pamoja, mama na uzi wake, baba akimenya mapera, watoto na mnyama wao, hapo ndipo mahali pa kusali Rozari na pa kuulizana habari za siku. Na gari la soko likipiga honi barabarani, baba, fungua tena gunia lile. Toa kabichi mbili, uziweke jikoni.