Diski Moja, Mashine Ishirini: Somo la Klasta kwa Vilima vya Taita

Ukipita kwenye maabara za kompyuta za shule zetu za sekondari, utakuta kona moja imejaa mashine zilizostaafishwa mapema. Zifungue: kioo kizima, kibodi nzima, kichakataji kizima, diski imekufa. Huku Wusi, kwenye vilima vilivyo juu ya mji wa Mwatate, ukungu huingia hadi madarasani na stima hupotea mvua kubwa inapoanza. Diski yenye sahani inayozunguka haipendi hata kimoja kati ya hivyo viwili. Maabara ya mashine ishirini ina diski ishirini, na kila diski ina mfumo wake, virusi vyake na maradhi yake. Fundi hupanda kutoka Voi, huzitibu moja baada ya nyingine, hulipwa na kuteremka. Muhula haujaisha, nusu zimeharibika tena.

Ipo njia nyingine, ya zamani na iliyokwisha kujaribiwa, nayo imechelewa kufika shuleni bila sababu ya maana. Mashine zote huondolewa diski. Mfumo mmoja huwekwa kwenye hifadhi moja iliyotunzwa vizuri, na kila mashine ikiwashwa huuchota mfumo huo kupitia kebo ya mtandao. Seva za vituo vikubwa vya utafiti huanzishwa hivyo kwa mamia. Shule yenye mashine ishirini inaweza kufanya vivyo hivyo, tena kwa mashine kuukuu zilizotolewa msaada.

Mashine isiyo na diski ikiwashwa haijui chochote ila namba ya kadi yake ya mtandao. Ndani ya kadi hiyo mna programu ndogo iliyowekwa kiwandani, inayofuata kanuni ya PXE, ambayo toleo lake la 2.1 lilitolewa na Intel mwaka 1999. Programu hiyo huuliza mtandao mzima: nani atanipa anwani? Seva ya DHCP hujibu kwa anwani, kisha huitajia mashine seva ya kuiendea na jina la faili ya kuomba. Faili hiyo huletwa kwa TFTP, njia iliyoandikwa rasmi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo ni ya polepole kweli. Hubeba vipande vya baiti 512, na kila kipande lazima kithibitishwe kabla kinachofuata hakijatumwa. Faili ya megabaiti 20 huwa safari elfu arobaini hivi za kwenda na kurudi. Ndiyo maana mafundi wengi siku hizi huitumia TFTP kuleta programu moja tu nyepesi, iPXE, na mzigo mkubwa huletwa kwa HTTP.

Kinachofuata ni kiini cha Linux pamoja na mfumo mdogo wa muda unaokaa kwenye RAM. Huo wa muda ndio unaotafuta hifadhi ya pamoja, kuiunganisha na kukabidhi usukani. Mwanafunzi aliyeketi mbele ya kioo huona ukurasa wa kuingilia kama kawaida, asijue kwamba ndani ya kasha hamna diski.

Palipo na hitilafu, skrini husema waziwazi, na anayejua kuisoma haangaiki. PXE-E51 maana yake hakuna seva ya DHCP iliyojibu: kagua kebo, kagua swichi, kagua kama seva imewashwa. PXE-E53 ni ya hila zaidi. Anwani imepatikana, lakini jina la faili halikuja. Mara nyingi utakuta kuna ruta ya waifai iliyochomekwa kwenye swichi hiyohiyo na mtu wa ofisi aliyetaka intaneti, na ruta hiyo imewahi kujibu kabla ya seva. Ichomoe, mambo yatanyooka. PXE-E32 inasema TFTP imeombwa ikanyamaza: huduma haijawashwa, au ukuta wa ulinzi wa seva umeifungia mlango. Misimbo hii mitatu iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani, kwa maana itamaliza simu nyingi za kumwita fundi.

Suala zito ni hifadhi yenyewe inashirikiwaje, na hapa ndipo wengi hupotea. Njia ya kwanza ni NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun katikati ya miaka ya 1980, wakati kompyuta za kazi zisizo na diski zilipokuwa jambo la kawaida katika vyuo vikuu vya Marekani. Katika NFS, seva ndiyo inayomiliki faili. Mashine huomba faili na seva hutoa. Mfumo mkuu hufunguliwa kwa kusomwa tu, na kila linaloandikwa na mashine wakati wa kazi huwekwa kwenye tabaka la juu ndani ya RAM. Mashine ikizimwa, tabaka hilo hutoweka. Mwanafunzi akivuruga mipangilio au akiingiza virusi kwa flashi, dawa ni kuzima na kuwasha. Kazi yake yeye huhifadhiwa kwenye folda yake, kando kabisa na mfumo.

Njia ya pili ni iSCSI, iliyopata kanuni rasmi mwaka 2004. Hapa seva haitoi faili, hutoa diski nzima kupitia mtandao, na mashine huiona kana kwamba imefungwa ndani yake. Kwa mashine moja, kwa diski yake yenyewe, ni salama. Hatari huja pale mashine mbili zinapopewa diski ileile iliyopangwa kwa mfumo wa faili wa kawaida kama ext4. Kila moja huamini iko peke yake. Hii huandika kwenye nafasi ambayo ile inadhani ni tupu, na kwa muda mfupi tu faili zote huwa takataka. Ili diski moja ya namna hiyo iandikwe na wengi, sharti kuwe na mfumo wa faili wa klasta, yaani wa kundi la mashine zinazoshirikiana, kama GFS2 au OCFS2, unaoziwekea mashine zamu na kufuli.

Na kufuli hizo zina gharama. Mashine yenye kufuli ikinyamaza ghafla, wenzake hawawezi kujua kama imekufa au imetenganishwa nao tu na kebo mbovu. Wakiendelea, na yeye yu hai upande wa pili, wataharibu data pamoja. Kwa hiyo klasta hufanya jambo linaloonekana la kikatili: huikatia umeme mashine iliyonyamaza, kwa amri ya mtandao, kabla ya kugusa faili zake. Tena hukata shauri kwa akidi. Kati ya mashine tatu, mbili zinazosikizana huendelea na ile moja iliyobaki peke yake hujizuia. Klasta ya mashine mbili bila mwamuzi wa tatu ni ya kuiogopa.

Kwa mashaka hayo yote, sioni kwa nini shule ijitwike iSCSI ya pamoja. NFS ya kusoma tu inatosha, na mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, umekwisha kuikusanya kazi hii yote katika programu huru isiyo na leseni ya kulipia. Klasta za diski ya pamoja tuwaachie wenye fundi anayelala karibu na seva.

Pingamizi lipo, nalo ni la haki: diski moja ikifa, je, mashine ishirini hazifi pamoja? Ndiyo, zitakufa. Hapa vilima hivi vina la kufundisha. Wadawida, wenyeji wa hapa, wamemwagilia mashamba yao maji kwa mifereji ya pamoja kwa vizazi, na mwanaanthropolojia Patrick Fleuret aliandika mwaka 1985 jinsi walivyopanga mamlaka ya maji hayo. Mfereji ukiziba kwenye chanzo, mashamba yote ya chini hukauka siku moja. Lakini hakuna aliyewahi kuona hilo kuwa sababu ya kuacha mfereji. Waliona ni sababu ya kuwa na watu wa kuusafisha, zamu inayoheshimiwa na macho yasiyobanduka chanzoni. Hifadhi ya pamoja inataka utunzaji wa namna hiyo.

Kwa vitendo, utunzaji huo ni diski mbili au zaidi zinazobeba nakala moja, ili moja ikifa nyingine iendelee. Ni nakala ya akiba inayotolewa kila wiki na kuwekwa jengo jingine, kwa kuwa diski pacha hazimwokoi aliyefuta faili kwa bahati mbaya: zote mbili hufuta kwa utiifu. Ni mtu mmoja mwenye nywila, na wa pili anayeijua pia. Tena ni betri ya akiba kwa seva na swichi. Mashine za wanafunzi zikizimika ghafla hazipotezi mfumo, maana hazina mfumo wa kupoteza. Shilingi zilizokuwa zigawanywe kwa betri ishirini dhaifu zinunue moja yenye nguvu.

Stima ikirudi ndipo mtihani unapoanza. Mashine ishirini huwaka kwa pamoja na zote huomba mfumo dakika hiyohiyo. Tuseme kila moja inahitaji megabaiti 500 ili ifike kwenye ukurasa wa kuingilia. Jumla ni gigabaiti 10. Kwa swichi ya gigabiti moja, mzigo huo huchukua kama dakika moja na nusu ikiwa diski ya seva inaweza kwenda mbio hizo. Kwa swichi kuukuu ya megabiti 100, ni karibu robo saa, na mashine kadhaa zitachoka kungoja zikate tamaa. Mwalimu atasema mfumo mzima haufai, kumbe kilichomwangusha ni swichi. Ndiyo sababu ningeanza bajeti na swichi, kisha seva iwe na diski zisizozunguka, na mwisho kabisa ndipo nifikirie mashine za wanafunzi. Utaratibu wa kuwasha nao ni huu: hifadhi kwanza, swichi pili, mashine baadaye, safu kwa safu.

Tusidhani hili ni jambo la shule peke yake. Maabara inayoanzishwa kutoka hifadhi moja, usiku inaweza kugeuka klasta ya kukokotoa, kwa kuwashwa na mfumo mwingine. Mwaka 1994, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida katika kituo cha NASA cha Goddard, wakaonyesha kuwa mashine za bei nafuu zikishirikiana zinafanya kazi ya mashine ghali. Kompyuta kuu ya Ranger ya Texas ilipostaafishwa mwaka 2013, vipande vyake vilipelekwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania kulea wataalamu wa fani hii. Nairobi, taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI ina klasta yake kwa ajili ya kuchambua jeni.

Kwetu kazi za kukokotoa zipo tele. Chuo Kikuu cha Helsinki kina kituo cha utafiti Wundanyi, na watafiti wake, wakilinganisha picha za angani za mwaka 1955 hadi 2004, walionyesha kwamba vilima vya Taita vilipoteza nusu ya misitu yake ya asili katika kipindi hicho. Picha za namna hiyo na vipimo vya leza vinavyopigwa kutoka kwenye ndege huzaa data nzito, na uchambuzi wake hugawanyika vizuri: kipande cha msitu wa Ngangao kwa mashine hii, kipande cha msitu wa Chawia kwa ile. Wa kushirikiana nao na njia ya kuwafikia vipo: Chuo Kikuu cha Taita Taveta kina hati yake ya kuwa chuo kamili tangu mwaka 2016. Mtandao wa elimu wa KENET upo tangu 1999, na nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliisogeza intaneti ya kasi karibu na ukanda wetu. Mwanafunzi wa Wusi anayehesabu miti ya Chawia kwa mashine za shule yake mwenyewe si ndoto.

Kabla ya hayo, shule ijipime kwanza. Somo la kompyuta katika mtihani wa kitaifa wa KCSE lina karatasi ya vitendo inayofanywa kwenye mashine, na siku hiyo haingoji fundi kutoka Voi. Basi muhula wa pili, Jumamosi moja wanafunzi wakiwa kwenye mashine zote, mwalimu achomoe diski moja ya seva bila kumwambia mtu. Baadaye azime stima ya jengo, ahesabu dakika hadi mashine ya mwisho ifike kwenye ukurasa wa kuingilia. Kisha arudishe folda ya mwanafunzi mmoja kutoka nakala ya akiba. Likishindikana lolote kati ya haya matatu, karatasi ya vitendo ya mwaka huo ifanywe kwenye mashine zenye diski zake, na mfumo wa pamoja urudi karakana.