Kalibu, Baruti na Bunduki ya Roosevelt

Fundi wa redio akimtuma mwanagenzi wake risasi, kijana anajua anatakiwa kuleta ule uzi laini wa kulehemu. Mvuvi wa Pwani akitafuta risasi, anataka kusubu chubwi ya mshipi wake. Polisi wa Nakuru akitaja risasi, kila mtu anajua anasema nini. Neno ni lile lile, la asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini: laini, mazito, ya rangi ya kijivu, yanayoyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi tu. Silaha ilirithi jina la madini kwa sababu zamani hapakuwa na tofauti. Kilichotoka kwenye mtutu kilikuwa kipande cha risasi kilichosubiwa kwenye kalibu, basi.

Gobore ndiyo iliyotufunza neno hilo. Unamimina baruti kwenye mdomo wa mtutu, unatia kitambaa, unatia risasi, unashindilia kwa mdeki. Misafara iliyopanda kutoka Pwani kuja Naivasha na Baringo kutafuta pembe za ndovu ilibeba silaha za namna hiyo kwa wingi. Mwaka 1883 msafiri Mzungu Joseph Thomson alipolipita bonde hili la Ufa, sehemu ya safari aliandamana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizi kabla yake. Mwenye moto, chungu na kalibu aliweza kuilisha bunduki yake popote alipopiga kambi. Baruti ilinunuliwa, lakini risasi ilitengenezwa.

Kisha ikaja sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa ya Ulaya na wenzao walitia saini Mkataba wa Brussels. Tunaukumbuka kwa kupiga vita biashara ya watumwa, na ni sawa, ila ndani yake mlikuwa na jambo jingine. Kuanzia nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta hadi nyuzi 22 kusini, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zilizuiwa kuingia, isipokuwa kwa vibali vya pekee. Kilichoachiwa biashara ya kawaida, tena chini ya ulinzi wa serikali, kilikuwa gobore la jiwe la kiberiti na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Mwafrika alibakizwa kwenye kalibu wakati ulimwengu ulikuwa umeshahamia kwenye ganda la shaba.

Miaka 19 baadaye bonde hili liliiona bunduki ya upande wa pili wa sheria hiyo. Theodore Roosevelt, wiki chache tu baada ya kuacha urais wa Marekani, alishuka Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit. Reli ilikuwa imefika Nakuru tangu 1900. Roosevelt aliwinda viboko Ziwa Naivasha, na kabla ya kuondoka nchini akamtembelea mlowezi Lord Delamere huko Njoro. Baba na mwana waliua wanyama 512, wengi wakiwa wa kupelekwa katika makumbusho ya Smithsonian. Wapagazi zaidi ya mia mbili walibeba chumvi, mahema, ngozi na masanduku ya risasi.

Katika mizigo hiyo kulikuwa na Winchester ya muundo wa 1895, iliyobuniwa na John Browning. Chini ya triga pana mkono wa chuma: ukiusukuma mbele, ganda tupu linaruka nje; ukiurudisha, risasi mpya imeshaingia. Roosevelt aliisifu kama dawa ya simba. Ilitumia risasi iliyoitwa .405, iliyotoka kiwandani mara ya kwanza 1904, yenye kichwa cha gramu 19 na ushei. Haikuwa bunduki ya wawindaji matajiri peke yao: Urusi iliagiza karibu 300,000 za muundo huo, za risasi ya jeshi lake, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mwaka 1936 kiwanda kikaacha kutengeneza .405. Hapo ndipo hadithi inaponigusa zaidi. Bunduki ilikuwa nzima, chuma kizuri, mbao za jozi zimeng'aa kwa mikono ya miaka mingi, lakini bila risasi ilikuwa gongo. Wamarekani waliozirithi hawakukubali zife. Walirudi kwenye kalibu.

Kazi yao ni ya subira, na sheria za kwao zinawaruhusu. Kwanza wanaupima mtutu: kipande cha risasi laini kinasukumwa polepole toka mwanzo hadi mwisho, kinatoka kikiwa na alama za mifereji yote, kisha kinapimwa. Mitutu ya zamani haifanani, hata ile iliyotoka kiwanda kimoja. Kalibu inachaguliwa ili kichwa kizidi kipimo hicho kwa unywele tu. Kikiwa chembamba, moto wa baruti unapenya pembeni na kukiyeyusha, na mtutu unapakwa madini ndani mpaka bunduki haipigi tena panapolengwa. Risasi tupu ni laini mno, kwa hiyo inachanganywa na antimoni na bati, bati lenyewe, si lile la kuezekea. Wazee wao walikuwa wakiyeyusha herufi kuukuu za mitambo ya chapa, ambazo tayari zilikuwa na mchanganyiko huo. Tone moja la maji likiingia kwenye chungu, madini yanalipuka usoni mwa fundi. Kichwa kikipoa kinapakwa nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ili kiteleze. Kisha inakuja sehemu ya daftari: baruti inaanzwa kwa kiasi cha chini kabisa kilichoandikwa vitabuni, wanapiga chache, wanapima mtawanyiko wa matundu, wanakagua maganda, wanaandika. Aliyezoea anaweza kumaliza miezi akitafuta mchanganyiko mmoja unaopendwa na bunduki moja. Nauheshimu uchunguzi wa namna hiyo, wa mtu kusikiliza chuma cha zamani badala ya kukilazimisha.

Madini haya yana deni lake lakini. California ilikamilisha Julai 2019 marufuku ya risasi za madini hayo katika uwindaji, kwa kuwa tai wakubwa waitwao kondori walikufa kwa sumu baada ya kula mizoga ya wanyama waliopigwa risasi hizo. Sisi tuna Owino Uhuru, Mombasa, ambako moshi na maji ya kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Chungu cha risasi si cha kuwekwa jikoni.

Kenya hakuna anayeruhusiwa kujitengenezea risasi bila leseni, kwa mujibu wa Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku 1977. Sitaki siku za uwindaji zirudi. Ila nikisoma juu ya wale wazee wa Marekani na madaftari yao, mawazo yangu hurudi Naivasha, na kwa watu ambao kwao kukosa risasi hakukuwa suala la kuokoa urithi.

Usiku wa 26 Machi 1953 wapiganaji wa Mau Mau walikivamia kituo cha polisi cha Naivasha, wakafungua mahabusu zaidi ya 150, wakapakia lori bunduki na risasi, wakatoweka gizani. Msituni walikuwa na mafundi hodari. Kwa bomba la maji, komeo la mlango na ukanda wa mpira wa tyubu waliunda bunduki iliyopiga kweli. Lakini zama za gobore zilikuwa zimepita, na kichwa cha kusubu hakikutosha tena. Ganda la shaba lenye fataki yake chini halikuweza kutoka kwenye moto wa kambi. Ilibidi liibwe, linunuliwe kwa siri, lifichwe ndani ya kikapu cha viazi na mama aliyepita mbele ya askari. Yaliingia msituni hivyo, moja moja, na kila moja lilihesabiwa.