MITA YA NJANO: NGUVU ILIYOFICHWA NDANI YAKE



Safari hii ukurasa wa ufundi unazungumzia kitu kidogo kinachoenea katika mkono mmoja: ile mita ya njano ya kupimia umeme, ambayo mafundi redio wanaiita multimita. Bei yake si kubwa, na watu wengi wanadhani ni ya mafundi peke yao. Sisi walimu wa kujitolea tunasema hapana. Kila familia yenye paneli ya sola ina haja nayo, na tutaeleza kwa nini.

Wale tuliovuka ziwa kutoka Fizi Januari 2018, mitumbwi ikatufikisha Rumonge na Nyanza-Lac, tunazijua taa za wavuvi wa kule. Ndagala huvuliwa usiku wa giza. Taa zinawashwa juu ya maji, samaki wanafuata mwanga, wavu unainuliwa. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, lakini sasa wavuvi wengi wamehamia taa za led na betri. Sasa basi, betri ikichoka, mvuvi hakubali kupoteza usiku wake. Anaiuza. Inapanguswa vumbi, inapita mikono miwili mitatu, na baadhi yake zinafika mpaka huku kambini, juu yake bado kumeandikwa volti 12.

Mwaka jana mama mmoja wa hapa kwetu alitoa fungu lake lote la kikundi cha kuweka na kukopa, akanunua betri ya namna hiyo. Muuzaji aliiwekea mita mbele yake, ikasoma 12.6. Mama akaridhika. Usiku wa kwanza taa ilizimika kabla watoto hawajamaliza kula. Kumbe hiyo 12.6 haikuwa ushahidi wa kutosha. Tulipoifuatilia habari hiyo pamoja na vijana wa darasa la ufundi, tulijifunza mengi kuhusu mita yenyewe.

NDANI KUNA NINI?

Chomoa kwanza nyaya zote mbili za kupimia, halafu ufungue mita kwa bisibisi. Utaona ubao mmoja na, mara nyingi, doa jeusi katikati. Chini ya doa lile kuna chipu ya ukoo wa 7106, uliobuniwa na kampuni ya Intersil ya Marekani katika miaka ya 1970. Chipu hiyo inajua kazi moja tu: kupima volti ndogo sana, isiyofika milivolti 200, na kuiandika kwa namba zinazofika 1999. Kazi nyingine zote, yaani volti kubwa, ampea na omu, zinatokana na rezista zilizopangwa kuizunguka. Ile swichi ya kuzungusha inachagua tu njia.

Ndiyo maana viwanda vinatoa mita ndugu kutoka mpango mmoja. Ile ya 830B haina mlio. 832 ina mlio. 838 ina mlio na kipimo cha joto. Wote ni watoto wa tumbo moja, ila mmoja amenyimwa vipande vichache ili auzwe kwa bei ya chini.

MITA YENYE NJAA HUDANGANYA

Hili ndilo la kwanza kushika. Mita inakula betri ndogo ya volti 9. Betri hiyo ikiisha, mita haizimi mara moja. Inaendelea kusoma, lakini inasoma juu kuliko ukweli! Betri kubwa yenye volti 11.5 inaweza kuonekana ina 12.6. Kwa hiyo mita yenye njaa inamsaidia muuzaji na kumuumiza mnunuzi. Mita nyingi zinaonyesha alama ya betri kwenye kioo zikianza kuchoka, lakini katika baadhi ya zile za bei ya chini kabisa alama hiyo haitokei kamwe.

Betri ya volti 9 ni ghali na haipatikani kila siku. Vijana wetu wametumia dawa hii: mawe sita ya tochi. Jiwe moja ni volti 1.5, na sita yaliyofuatana ni 9. Mita inatumia umeme mdogo mno, kiasi cha miliampea moja, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Kwa hiyo hata mawe yaliyochoka kwenye tochi yanaweza kuiendesha kwa muda mrefu, mradi yote sita pamoja yasishuke chini ya volti 7.5 na yasiwe yanavuja maji.

Yapange mistari miwili ya matatu matatu ndani ya kipande cha bomba la plastiki. Chukua kichwa cha betri ya 9 iliyokufa ili kiwe plagi yako. Kile kifungo kidogo cha duara ni chanya, kile kikubwa ni hasi. Funga vizuri kwa utepe, pasibaki waya ulio wazi. Ukigeuza chanya na hasi unaweza kuua chipu.

PIMA BETRI IKIWA NA MZIGO

Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika saa kadhaa husoma kama 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki karibu nusu. Lakini hata betri mbovu inaweza kuonyesha namba nzuri ikitoka kuchajiwa sasa hivi. Weka swichi kwenye 20 ya volti za betri, uifungie balbu ya pikipiki ya volti 12, usubiri dakika tano huku mita ikiwa imeshikiliwa palepale. Betri nzima itashuka kidogo na kutulia karibu na 12. Betri mbovu itateremka mbele ya macho yako: 11, 10, 9. Hiyo iache hapohapo, hata ukiambiwa bei ya kirafiki. Rahisi ni ghali.

Ukipima paneli ya sola, weka swichi kwenye 200. Paneli inayoitwa ya 12 inaweza kutoa zaidi ya volti 20 kwenye jua kali, na ukiwa kwenye 20 kioo kitaandika 1 peke yake. Mita haijaharibika, inakuambia tu kwamba kipimo kimeijaa.

KENGELE ILIYONYIMWA

Katika baadhi ya mita za 830B, ukigeuza ubao utaona duara tupu na matundu yasiyo na kitu. Ni nafasi ya kengele ya yule ndugu yake. Fundi mwenye pasi ya kulehemu anaweza kuijaza kwa vipande vya mita iliyokufa. Kengele peke yake haitoshi, inataka na vipande vya kuiendesha. Faida yake ni kwamba unagusa ncha mbili za waya, ukisikia mlio ujue waya ni mzima. Mzee ambaye macho yamepungua anaweza kutengeneza taa bila kusoma namba.

Mita mpya zaidi, zenye chipu ya DTM0660, zinahifadhi mipango yake katika chipu ndogo ya kumbukumbu. Wenye kompyuta na kifaa cha kuandikia wanaibadilisha, wakaongeza mwisho wa namba kutoka 4000 hadi 6000 na kurefusha muda kabla mita haijajizima. Ni jambo la kulijua, ila kwetu bado mawe sita yana faida zaidi.

TUNAYOKATAZA

Usichomeke waya kwenye tundu la 10A halafu ukaupeleka kwenye ncha za betri. Tundu hilo kwa kawaida halina fyuzi, na cheche zake zinaunguza mikono.

Usiguse ile skrubu ndogo ndani ya mita. Ndiyo inayoweka ukweli wa namba za mita.

Usipime umeme wa mji au wa jenereta kwa mita iliyofunguliwa na kufungwa tena nyumbani. Hiyo iwe ya betri na sola tu. Wazazi, mtoto asiachiwe peke yake.

Wazazi wapendwa, mkipanga kununua betri, iwe ya hapa au ya kuletwa na ndugu kutoka Rumonge, msitoe pesa kwa namba ya mita ya muuzaji. Mita ya darasa letu ina mawe mapya na balbu yake ya kujaribia. Mlete betri, mlete na muuzaji pia. Dakika tano tu, na hatudai chochote.